Bawa la Rangi ya Ufizi

Baba mkwe wangu alipokuja Kisumu kupasuliwa mtoto wa jicho, alisimama mlangoni petu pale Nyamasaria, sanduku lake la mbao mkononi, akasema kwa upole kabisa kwamba yeye hatalala ndani.

"Baba, daktari amesema lazima ukae karibu na hospitali," mume wangu akamwambia.

"Nitakaa karibu. Sijasema narudi Asembo. Nimesema tu silali kwa nyumba ya mtoto wangu."

Kwetu Wajaluo, baba halali chini ya paa la mwanawe. Katikati ya miaka ya themanini watu wengi wa mjini walikuwa wameanza kulifumbia macho jambo hilo, lakini yeye hakuwa mtu wa mjini tena. Alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa tangu ujana wake, akastaafu, akarudi kwake Asembo Bay, na akarudi na msimamo. Mimi nilikuwa bado bibi harusi mpya. Nilikuwa nimechinja kuku, nimefua mapazia, nimeazima kiti kizuri, na sasa nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi nikijiuliza kama kosa ni langu.

Aliyetuokoa ni jirani. Alikuwa mama wa Kikuyu kutoka upande wa Murang'a, mjane, mwenye duka la rangi na misumari mjini, na sauti ya kusikika mpaka barabara ya Nairobi. Alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua, na hakujifanya kwamba hasikii.

"Mzee!" akaita. "Huku kwangu si kwa mtoto wako. Mimi hata si Mjaluo. Vijana wangu wako shule ya bweni, chumba ni tupu. Njoo ulale."

Mzee akafikiri kidogo, akatazama ule ua, akatazama anga, kisha akasema, "Hiyo haina shida." Akavuka na sanduku lake. Basi ikawa hivyo: analala kwa jirani, anakula kwetu, na mchana anakaa kwenye baraza yetu kwa kuwa ilikuwa na kivuli.

Tatizo lililobaki lilikuwa mimi na yeye. Mume wangu aliondoka asubuhi kwenda kazini, na mimi kazi yangu ya kliniki ya meno mjini ilikuwa ya nusu siku. Nilikuwa fundi wa meno bandia. Daktari alichukua kipimo cha kinywa cha mgonjwa, akaniletea, nami nikatengeneza ufizi wa plastiki na kupanga meno juu yake, nikapiga msasa mpaka ukateleza kama kokoto ya ziwani. Kufikia saa saba nilikuwa nimerudi nyumbani, na nyumbani alikuwa baba mkwe wangu, jicho moja limefungwa bandeji na lingine halioni vizuri. Nilimletea chai. Akasema asante. Nilimletea chakula. Akasema asante. Mke wa mtoto na baba mkwe hawapigi soga, hawakai karibu karibu. Nilikaa upande wangu wa baraza nikichambua omena, dagaa wa ziwani, yeye upande wake akisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Tulikuwa kama abiria wawili wanaongoja meli tofauti.

Siku bandeji ilipotolewa, alipewa miwani ya vioo vinene kama vitako vya chupa. Tulitoka hospitali sisi watatu, mume wangu amemshika mkono. Mzee alitembea polepole mno, akisimama kila mahali. Alisimama kutazama jani. Alisimama kutazama mlango wa bluu. "Hii bluu ilikuwa hivi siku zote?" akauliza. Mume wangu akasema nadhani, Baba.

Tulipofika barabara kuu ya maduka, akasimama tena mbele ya duka moja la vitabu na vifaa vya shule. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee, na dirishani aliweka vitu vilivyokaa hapo miaka mingi: globu, kompasi, wanasesere wawili, na maboksi kadhaa yaliyopauka kwa jua. Mzee alisogea mpaka pua yake ikagusa kioo.

"Ile ndege," akasema. "Ile naijua."

Kwenye boksi moja palikuwa na picha ya ndege ya kivita ya jeti, mabawa yamekunjwa kwenda juu, imeegeshwa juu ya sitaha ya meli. Nyuma yake bahari. Baharia mmoja mwenye kofia nyekundu amesimama karibu.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameachia mkono wa baba yake, ameinama kulisoma boksi lile kupitia kioo, midomo inacheza. Kisha akaanza kucheka, si kicheko cha dhihaka, kicheko cha mtu aliyepata kitu alichopoteza.

"Baba," akasema, "kumbe ilikuwa kweli?"

Nilielezwa baadaye, tukiwa bado pale mbele ya duka, wote wawili wakiongea kwa pamoja. Mume wangu alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akija likizo kutoka Mombasa na kusimulia kwamba aliwahi kupanda juu ya meli iliyo na uwanja wa ndege, na kwamba ndege zake zilikunja mabawa kama popo. Mume wangu akaenda kuwasimulia wenzake shuleni. Walimcheka muhula mzima. Wakampa jina la utani. Tangu hapo alipomsikia baba yake akianza hadithi ile, alitoka nje.

"Na mimi niliona unatoka," Mzee akasema. "Nikaacha kusimulia."

Tuliingia. Mwenye duka alipanda kiti akalitoa boksi dirishani, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Hii Uingereza ilitengeneza, lakini India pia ilikuwa nayo," akatuambia. "Meli yetu ilibeba hizi. Ndugu yangu wa Bombay aliziona, akaniandikia. Zinapiga kelele mpaka chai inamwagika." Akalifungua boksi. Ndani hapakuwa na ndege. Palikuwa na vipande vya plastiki vya kijivu vilivyoshikana kwenye vijiti kama samaki kwenye ung'ong'o, na karatasi ya maelekezo, na karatasi ndogo ya alama za kulowesha majini na kubandika. "Lazima uunganishe mwenyewe. Hapa Kisumu hakuna mtu anataka kuunganisha. Wanataka iliyo tayari."

Mzee alichukua kipande kimoja kidogo, gurudumu nadhani, akakileta mpaka kwenye miwani yake. Kikaanguka. Sisi sote tukapiga magoti sakafuni kukitafuta, mwenye duka pia, na mimi ndiye niliyekiona, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kutafuta vitu vidogo vinavyoanguka. Nilikiokota kwa kucha nikakiweka mezani mbele yake.

"Haya ni meno tu," nikasema bila kufikiri.

Akanigeukia. Kwa miwani ile macho yake yalikuwa makubwa kama ya bundi. "Nyar Gem," akasema, ndivyo alivyoniita, binti wa Gem, kwa kuwa kwetu ni Gem, "wewe unaweza?"

"Naweza, Baba."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote mpaka siku ile.

Kazi tuliifanyia barazani, mchana, meza katikati yetu. Nilileta kibano changu kutoka kliniki, na tupa ndogo, na misasa ya aina tatu. Nilikata kipande kwenye kijiti chake, nikakisugua, nikakiweka kwenye kisahani cha chai, nikakisukuma upande wake. Yeye alikitazama, akakiidhinisha, akakisukuma kurudi. Hatukupeana kitu mkono kwa mkono hata mara moja. Kisahani kile kilifanya kazi kuliko kivuko cha Homa Bay.

Na alianza kusimulia. Mwanzoni alisimulia akiitazama meza, kana kwamba anaiambia ndege. Alikuwa karani kijana kwenye tishari, yale majahazi mapana ya chuma yanayopeleka mizigo kwenye meli zilizotia nanga mbali na gati. Siku moja manowari kubwa ya Waingereza iliingia Kilindini, nao wakapeleka mananasi na viazi. Aliyepaswa kupokea mzigo hakuonekana. Baharia mmoja, kijana kama yeye, mwenye madoadoa usoni, akamwambia panda juu tumtafute.

"Sasa mimi nikapanda," akasema. "Ngazi kama ya kwenda mbinguni. Nikifika juu naona barabara! Barabara ya lami, juu ya meli. Na ndege zimepangwa pembeni, mabawa juu. Jua kali. Yule kijana akaniambia gusa. Nikagusa pua ya moja. Moto! Kama sufuria."

"Ulipiga kelele?"

"Nilipiga." Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Na yule kijana akacheka, na mimi nikacheka, na tukawa marafiki mpaka mananasi yakaisha."

Alisema kitu kimoja kilichomsumbua kilikuwa mstari. Sitaha ilikuwa imenyooka mbele, lakini mstari mkubwa mweupe uliochorwa juu yake ulienda upande, mshazari, ukaishia ubavuni mwa meli. "Nilidhani aliyepaka rangi alikuwa amelewa. Sikuuliza. Unaweza kumwuliza mwenye meli kwa nini mstari wake umepinda?"

Jambo hilo lilinikaa akilini. Siku iliyofuata nilipita maktaba ya mji nikapata ensaiklopidia nene yenye sura nzima ya ndege za majini. Nilisoma nimesimama pale pale kwenye rafu. Ndege ya jeti ilitua juu ya meli kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1945, vita vikuu vikiwa vimekwisha miezi michache tu. Ndege za pangaboi zilikuwa zimetua melini miaka mingi kabla ya hapo, lakini jeti ilikuja na taabu zake. Ilikuja kwa kasi. Tena injini zile za mwanzo zilikuwa nzito za kusikia: rubani akiongeza mafuta, zilingoja kwanza kama mtu anayeamshwa, ndipo zikavuta. Ndege ilikuwa na ndoano mkiani ya kunasa waya uliolazwa sitahani. Ikikosa waya wote, mbele yake palikuwa na wavu, na nyuma ya wavu ndege za wenzake zimeegeshwa, na watu. Ndipo mtu mmoja akawaza: tugeuze barabara kidogo iende upande. Anayekosa waya atapita ubavuni, apae tena, azunguke, ajaribu upya. Walianza kwa kuchora mstari tu.

Nilikimbia kumwambia. Nilifika barazani nikaanza kuongea kabla sijaketi, hata salamu nilisahau.

"Baba, hakuwa amelewa!"

"Nani?"

"Aliyechora mstari!"

Nikamweleza, nikitumia kijiko kama ndege na meza kama meli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga paja. "Miaka yote hii namdharau yule mtu bure," akasema.

Sasa nije kwenye ajali. Ndege ilikuwa imekwisha kuunganishwa, mwili mmoja, mabawa yamekunjwa. Karatasi ilisema mtu anaweza kuyaunga yakiwa wazi au yakiwa yamekunjwa, na Mzee hakutaka hata kujadili. "Kama nilivyoikuta," akasema. Ilibaki rangi: kijivu cha giza juu, na chini rangi ambayo karatasi iliita ya anga, lakini si ya anga lolote tulilolijua. Mzee alisema ni rangi ya yai la bata. Jirani yetu akasema hiyo ni kazi yake, yai la bata atalichanganya yeye, na akafanya hivyo, mbele yetu, kwenye kifuniko cha mkebe, nyeupe na tone la kijani na tone la manjano, mpaka Mzee akasema simama.

Ilikuwa rangi nzuri kabisa. Ilikuwa pia rangi ya kupuliza magari, na aliizimua kwa thina, dawa kali ya kuyeyushia rangi.

Alipaka ncha ya bawa la kushoto kwanza, kwa brashi, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kwa umakini. Tukaitazama. Kisha plastiki ikaanza kusinyaa. Ncha ya bawa ilijikunja kama jani karibu na moto, ikalegea, ikaning'inia, ikadondoka mezani kama kamasi.

Jirani alikuwa ameshika brashi hewani. Kisha machozi yakamtoka, mwanamke mzima yule mwenye duka lake.

"Mzee, nimeua ndege yako."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilimwona akijitahidi. "Mama," akasema, "hata vitani zilikuwa zinaanguka."

Lakini hakuketi nasi jioni ile. Alivuka ua mapema akaenda kulala, na mume wangu aliporudi akakuta wanawake wawili wanaitazama meza kama watu waliofiwa.

Asubuhi niliiweka ndege kwenye kikapu, nikaifunga kwa leso, nikaenda nayo kazini. Nilimaliza meno ya watu kwanza. Kisha nilichukua unga wa plastiki na maji yake, ule ule tunaotengenezea ufizi, nikakanda, nikatengeneza donge bapa, nikaliacha likauke. Daktari wa meno alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ni taya ya nani?" akauliza.

"Ya ndege, daktari."

Akafikiri ninatania akaenda. Nilipiga tupa, nikapiga msasa, nikalinganisha na bawa la kulia, nikapiga tena. Mwisho nilikuwa na ncha ya bawa yenye umbo sawasawa kabisa, nyembamba ukingoni, na ya pinki. Pinki ya ufizi wa mtoto. Sikuwa na rangi nyingine ya unga ule. Hakuna mtu anayeagiza ufizi wa kijivu.

Nilipoifungua leso barazani, Mzee aliishika ndege mwenyewe, akaigeuza juani. Jirani alikuwa ameegemea ua, hathubutu kuvuka. Mzee akaiangalia ile pinki. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Sasa hii," akasema, "inaweza kuuma mtu!"

Tulicheka sote watatu mpaka watu waliopita barabarani wakageuka kutazama. Jirani akavuka ua mbio akamwomba radhi tena, naye akamwambia aache, alete rangi nyingine, safari hii isiyo na sumu. Akaleta rangi ya mafuta ya kupaka madirisha na tapentaini, akajaribu kwanza kwenye kijiti kilichobaki, akangoja siku nzima kuona kama kitakufa. Hakikufa. Tulipaka yai la bata lote, isipokuwa mahali padogo chini ya ncha ya bawa, upana wa ukucha. Pale Mzee alinizuia brashi.

"Acha hapo," akasema. "Hiyo ni yako."

Kisha wazo la maonyesho likaja, na lilikuwa la jirani. Maonyesho ya kilimo ya Kisumu yalikuwa yanakaribia, naye alikuwa na kibanda cha rangi huko kila mwaka. Akatuandikisha bila kutuuliza. Kwa kuwa hapakuwa na kitengo cha ndege, alituweka kwenye kazi za mikono. Ndivyo manowari ya Waingereza, kwa maana nilikuwa nimetengeneza sehemu ya sitaha kwa mbao nyembamba, pamoja na ule mstari mshazari, ilivyojikuta imekaa kati ya kitambaa cha meza kilichofumwa kwa kolosha, ile sindano ya ndoano, na kikapu cha mkonge.

Mzee alivaa suti. Sikujua kwamba ana suti.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mnene, mwalimu mstaafu, mwenye kofia kubwa na mkoba wa ngozi. Alisifu kitambaa. Alisifu kikapu. Akafika kwetu akainama.

"Pole," akasema. "Imevunjika mabawa wakati wa kuileta?"

"Haijavunjika, mama," Mzee akasema. "Imekunja. Meli ni ndogo, ndege ni nyingi."

"Na inatua juu ya hiki kitu? Rubani anaonaje?"

Mzee alinigeukia. Nilikuwa nimemsimulia hadithi hiyo pia kutoka kwenye kitabu kile cha maktaba, na alikuwa ameipenda kuliko zote. "Mweleze," akasema. "Ile ya lipstiki."

Kwa hiyo nilieleza. Jeti zilipokuja, yule mtu aliyesimama sitahani na vibao mikononi akimwelekeza rubani hakutosha tena. Mambo yalikuwa ya haraka mno. Ofisa mmoja wa majini akapata wazo la kioo. Akaazima kioo cha mkoba na lipstiki ya karani wake wa kike, akachora mstari katikati ya kioo, akakiweka mezani na tochi. Akamwambia yule karani aje polepole kutoka mwisho wa chumba huku akishusha kichwa, akihakikisha mwanga wa tochi mle kiooni haupandi juu ya mstari wala haushuki chini yake. Karani akaja, akaja, mpaka kidevu chake kikagusa meza, taratibu kabisa. Kidevu kilikuwa ndege.

"Haiwezekani," mwamuzi akasema.

Jirani yetu tayari alikuwa ameshatoa lipstiki yake. Ilikuwa nyekundu kama pilipili. Mwamuzi, nampa heshima yake, alivua kofia akampa mtu, akafungua mkoba wake mwenyewe akatoa kioo. Nikachora mstari. Mume wangu akashika tochi. Watu walianza kujaa. Yule mama akarudi nyuma mpaka kwenye mikungu ya ndizi ya kitengo kingine, akainama, akaanza kuja, macho kwenye kioo, miguu ikiburuta, mikono ameitandaza kama mabawa bila mtu kumwambia.

"Juu kidogo!" Mzee akampigia kelele. "Mwanga umepanda! Shuka! Hapo! Usifunge macho, mama, njoo!"

Akaja. Kidevu kikatua mezani, tap, bila kugonga chochote, mbele kabisa ya ndege yetu. Umati ukapiga makofi. Alijiinua akitweta, amefurahi kama msichana, akaomba kurudia.

Tulipata tuzo ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa kitambaa cha kolosha. Mume wangu alitaka kulalamika, lakini Mzee alimzuia. Alikwenda akakiinamia kile kitambaa na miwani yake, akakitazama kwa muda mrefu, fundo kwa fundo.

"Ni haki," akasema. "Kile hakina hata sehemu moja ya pinki."

Alirudi Asembo Bay na ndege ndani ya sanduku la mbao, imezungukwa na mashati. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini mwenye duka la vitabu alikuwa na maboksi mengine na hakuwa na mnunuzi mwingine. Kila tulipokwenda Asembo nilibeba moja, na kibano, na siku hizo mama mkwe wangu alikuwa akilalamika kwamba hamwoni tena mgeni wala mwenyeji. Tuliunganisha ile ya Wamarekani, ya bluu ya giza, yenye matangi kwenye ncha za mabawa, iliyopigana Korea. Mzee hakuipenda sana. Alisema inajivuna. Tuliunganisha nyingine yenye mikia miwili, ya aina ile ile iliyotua melini ya kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa kufikia miaka ya tisini yule Mhindi alikuwa amefunga duka akahamia kwa binti yake Uingereza.

Hiyo ya mwisho Mzee aliamua isiwekwe magurudumu. Kwenye kile kitabu cha maktaba, ambacho nilikuwa nimenakili sehemu zake, palikuwa na habari kwamba Waingereza waliwahi kufikiri: magurudumu ni mzigo, tuyaondoe kabisa, tutandaze sitaha ya mpira uliojazwa hewa, ndege itue kwa tumbo. Na walifanya hivyo kweli, mara nyingi, ndege ikatua kwa tumbo ikadunda na kutulia. Kisha wakaacha, kwa kuwa baada ya kutua ndege haikuweza kusogea. Mzee aliponisikia nikiisoma hiyo alifurahi siku nzima.

Ilikuwa miaka ile magugu maji yalipofunika ziwa. Asubuhi moja tulishuka naye mpaka ufukweni. Maji hayakuonekana. Ilikuwa kijani kitupu kuanzia miguuni petu mpaka macho yanapoishia, na maua ya zambarau juu yake, maridadi, na mitumbwi imekwama humo kama ng'ombe kwenye tope. Kina mama wanaonunua samaki walikuwa wameketi juu ya karai zao tupu, wamenuna. Mzee alisimama na miwani yake, mikono nyuma, akiyatazama yale magugu kama mtu anayekagua kiwanja cha kununua.

"Nyar Gem," akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "ile ndege yetu isiyo na magurudumu ingetua hapa bila shida."

Wale mama wakageuka. Mmoja, mwenye kitenge cha manjano, akauliza ni ndege gani tena hiyo. Mzee akamweleza yote, mpira, tumbo, kudunda. Alimweleza kwa Dholuo na kwa mikono yote miwili, na wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine.

"Sawa Mzee, imetua," yule mama akasema akijifuta macho. "Sasa itaondokaje?"

Mzee akapandisha miwani. Akanigeukia. "Kitabu kilisemaje?"

"Waliinyanyua kwa winchi, Baba."

"Winchi hatuna," akawaambia, "lakini nyinyi mko wengi."

Yule mama akasimama, akakung'uta kitenge chake, akaanza kuwapanga wenzake, nani atashika bawa na nani atashika mkia.